Kisanduku cha Wastani

Fomu ina visanduku vitatu: chini, wastani, juu.
Weka vema, tia sahihi, faili liingie kabatini
kabla zamu haijabadilika.
Wilmar Techera, miaka hamsini na miwili, mchunga kondoo
wa vilima vya nyuma ya Treinta y Tres, alipata wastani.
Mkono wangu ndio uliomwekea. Kalamu ya buluu.

Aliketi na kofia magotini, akiuzungusha ukingo wake
kama atafutaye mahali ushonaji ulipoanzia.
Nikamuuliza usingizi. "Nalala."
Nikamuuliza chakula. "Nakula."
Nikamuuliza mbwa wake, kwa kuwa maswali yalikuwa yameniishia.
"Nimempa jirani. Mbwa mzuri yule. Atazoea."

Nikaandika: ana jirani.

Usiku, jikoni, chai chungu ya yerba ikipoa mkononi,
lile neno likanirudia. Atazoea.
Ilikuwa Agosti, kondoo wanazaa,
baridi inaokota vitoto kabla havijasimama.
Mchungaji gani humtoa mbwa wake mwezi wa Agosti?

Niliogopa simu. Niliogopa swali lenyewe,
nisije nikampandia mbegu asiyokuwa nayo.
Kuuliza si ujinga, tunaambiwa,
lakini hatuambiwi kuuliza nini.
"Wilmar, unafikiria kujiua?"

Nilisikia jiko lake la kuni likipasuka cheche.
Nilisikia akivuta kiti.
"Siku zote," akasema, "mnaniuliza usingizi."
Kisha akazungumza hadi saa saba, na mimi
sikumkatiza, ila mara moja nilipopiga chafya.

Kulipokucha tulikwenda kwa jirani, Eliseo Cuadrado,
tukafanya biashara ambayo fomu haina nafasi yake:
bunduki ikae kwa Eliseo,
mbwa arudi nyumbani.

*

Hatari si kimo, kwamba ukimpima mtu leo
utamkuta kesho vilevile.
Ni mto Olimar: asubuhi umeuvuka na viatu mkononi,
jioni umelifunika daraja,
na mvua yenyewe ilinyesha mbali, hukuiona.

*

Januari, lami inanata kwenye soli,
Yamila anakuja na mikono mirefu hadi vidoleni.
Miaka kumi na sita. Mlangoni mtu ananinong'oneza:
"Huyu anatafuta kuangaliwa tu."
Basi tumwangalie.
Si jambo hilo analolitafuta?
Mgonjwa wa moyo naye hutafuta kuangaliwa,
hatumtazami kwa jicho la pembe.

Sikumwambia apandishe mikono. Nikafungua dirisha.
Akasema hataki kufa, anataka kelele ipungue,
na hayo ni mambo mawili. Nikamwamini,
nikamwomba aniambie siku yatakapokuwa moja.
Juma la tatu aliniambia.
Alilala kwetu siku tisa, akimlalamikia mpishi.

*

Na yupo niliyemwekea chini.
Jina lake silitaji.
Alinishukuru, akafunga mlango taratibu, akaurudishia vizuri.
Mama yake hununua mkate pale ninaponunua mimi,
hunisalimu, huuliza watoto wangu hawajambo.
Sijui kama ni msamaha au ni adabu.
Kwa miezi minne nilikwenda duka la mbali.
Kisha nikaacha kwenda mbali.

Faili lake nimelisoma kama msomaji wa viganja.
Halikuwa na mbwa. Halikuwa na neno lililonata.
Wakaguzi walisema fomu ilijazwa sawasawa,
na kweli, ilijazwa sawasawa.

*

Visanduku bado ni vitatu.
Mimi naandika pembeni, kwa herufi za mchwa:
amenyoa ndevu ghafla; amelipa deni la duka;
amecheka, na macho hayakucheka;
leo ameuliza Alhamisi ijayo nitakuwepo.

Hilo la mwisho nalipigia mstari.

Leo ndiyo Alhamisi. Kofia iko magotini.
Chini ya kiti mbwa amelaza kidevu juu ya kiatu chake,
kinyume cha kanuni za hospitali.
Naanza na mbwa.
Halafu nauliza.